Madirisha na Milango ya Hospitali za Nairobi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wajumbe wa matawi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya majengo ya hospitali za mji wetu wa Nairobi. Wengine walipoona tangazo ubaoni waliuliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na historia ya kuta? Jibu letu ni fupi. Kuta zile zilijengwa na mafundi na vibarua. Zimefagiwa, zimepigwa deki na kupakwa rangi na wafanyakazi kwa zaidi ya miaka mia. Ndani yake mfanyakazi huzaliwa, huugua, na mara nyingi hufa. Na tena, ukuta ukishasimama ndio unaoamuru kazi. Dirisha likiwekwa mahali pabaya, au ngazi ikajengwa mahali palipotaka mteremko wa kusukumia kitanda, hakuna mkataba wa mishahara utakaoiondoa. Basi yafaa tujue nani alichora, alimchorea nani, na alifikiri nini alipochora.

Sisi twaona kwamba jengo la hospitali husema mambo mawili. Milango yake yasema ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kutibiwa pale. Madirisha yake yasema madaktari wa wakati ule waliamini nini juu ya ugonjwa. Tutaanza na milango, kwa kuwa ndiyo yenye uchungu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kabla yake hapakuwa na mji, palikuwa na maji baridi, nyasi na majani ya tope. Kwa kuijenga reli ile kutoka Mombasa hadi Ziwa, Waingereza walileta Wahindi 31,983 kwa mkataba. Katika hao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao kwa ugonjwa au ulemavu. Hesabu hiyo ni ya Wahindi tu. Waafrika waliobeba maji, kuni na mizigo kambini hawamo. Twasema haya mwanzoni kwa sababu historia ya hospitali katika Kenya haikuanza na huruma, ilianza na kazi. Kibarua akiugua kazi husimama, na kazi ikisimama fedha za watu wa London hupotea.

Mji wa kwanza ulikuwa wa mahema, mbao na mabati. Mwaka 1901 ilianzishwa hospitali ya wenyeji, iliyoitwa Native Civil Hospital, nayo ilikuwa na vitanda 40. Vitanda arobaini, ndugu, kwa mji uliokuwa ukiita watu kutoka pande zote waje kufanya kazi. Hospitali hiyo ndiyo mbegu ya Kenyatta ya leo, na tutairudia.

Mwaka 1902 tauni iliingia. Bazaar ya Wahindi ikachomwa moto kwa amri ya serikali, maduka na mali. Panya hawakuulizwa rangi, lakini watu waliulizwa. Toka siku hizo maofisa wakashika neno moja: kwamba afya ya mji ni kutenganisha watu. Mwaka 1913 alikuja Profesa Simpson kutoka Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, naye katika taarifa yake akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kila watu na mtaa wao. Hapo daktari alifanya kazi ya mwanasiasa, na mwanasiasa akafurahi kuwa na cheti cha daktari. Kama serikali ingalitaka kuzuia ugonjwa, ingaliweka mifereji na maji safi Bazaar na mitaa ya Waafrika. Ilikuwa rahisi zaidi kuchora mstari kwenye ramani.

Ukiichukua ramani ya Nairobi leo utaona mstari ule bado. Magharibi, mlimani, ndiko Wazungu walikojenga. Parklands na Ngara ilikuwa ya Wahindi. Mashariki, chini, kwenye udongo mweusi wa kunata, ndiko walikowekwa Waafrika. Jina la Kariakor hata sasa latukumbusha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918, walioandikishwa kwa maelfu na maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa ya mapafu na njaa. Sasa weka hospitali juu ya ramani hiyo, uone zilivyofuata rangi kama maji yafuatavyo mfereji.

Tuitazame Pumwani. Mwaka 1926 ilianzishwa nyumba ya wazazi, ikaitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Sir Edward Grigg. Leo ndiyo Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, na watoto wa mji huu waliozaliwa ndani yake hawahesabiki. Pengine robo ya walioketi hapa ni watoto wa Pumwani. Lakini fikirini maana ya mwaka ule. Siasa ya serikali na ya matajiri ilikuwa kwamba Mwafrika huja mjini peke yake, na kipande shingoni, alale mahali pa kitanda kimoja, apewe mshahara wa mtu mmoja, kisha arudi kwao. Mke na mtoto hawakuwa katika hesabu. Nyumba ya wazazi ilipojengwa Pumwani, serikali ilikuwa imekubali kwa matofali jambo ililolikataa kwa mdomo: kwamba kuna mama wa Kiafrika mjini, na kwamba atazaa mjini. Mshahara haukufuata. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1954 ndipo Kamati ya Bwana Carpenter ikasema waziwazi kwamba mshahara wa mseja haufai, na kwamba mfanyakazi wa mjini alipwe kiasi cha kulisha jamaa yake. Ni miaka 28 tangu mlango wa Pumwani ulipofunguliwa. Baraza la Mji liliichukua hospitali hiyo mwaka 1944.

Mathari nayo ina hadithi yake. Ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, na jina lake la kwanza lilikuwa nyumba ya wendawazimu, si hospitali. Jina la hospitali ililipata mwaka 1924. Hata humo, ambamo mtu amepoteza akili, hakupoteza rangi: Mzungu na wodi yake, Mhindi na yake, Mwafrika na yake. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Basi tufike miaka ya 1950, wakati simiti ilipomwagwa kuliko wakati wo wote uliotangulia. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, kahawa ilikuwa na bei nzuri, na Nairobi ilikuwa na ramani mpya ya mwaka 1948 iliyojiita kwa fahari ramani ya mji mkuu wa koloni. Ile hospitali ya wenyeji ilipewa majengo na jina jipya, King George VI. Wazee wetu waliiita Kingi Joji. Na mwaka 1954, mwendo si mrefu kutoka hapo, ikafunguliwa European Hospital, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Mbili katika upande mmoja wa mji: moja ya wengi, moja ya wachache. Mfagiaji na mpishi wa hiyo ya pili aliweza kuingia kila asubuhi kwa mlango wa nyuma, na siku akiugua asiweze kulala humo.

Tukumbuke pia mwaka wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 1950 wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku nyingi, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, na katika madai yao ilikuwamo shilingi mia kwa mwezi kuwa mshahara wa chini. Hawakuzipata. Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Mwaka 1954 huo huo, mwezi wa Aprili, askari waliuzingira mji na kuwachukua makumi ya maelfu ya watu kwenda kizuizini. Ndivyo mji ulivyokuwa pale vitanda vipya vilipokuwa vikitandikwa. Barabara inayopita mbele ya ile hospitali ya Wazungu sasa yaitwa kwa jina la Argwings Kodhek, wakili wa Kiafrika aliyewatetea mahakamani washtakiwa wa siku zile, na aliyekufa mwaka 1969. Mchora ramani wa 1948 asingalidhani.

Wahindi nao hawakungoja serikali. Walichanga na kujenga, hasa Parklands. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa mwaka 1958, na mchoraji wake alikuwa Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa Uingereza kabla ya kuja Afrika ya Mashariki. Ndiye aliyechora pia majengo ya Bunge letu. Connell alikuwa na akili ya jua. Yeye hakutegemea pazia, alitengeneza kuta za konkriti zenye matundu ya mapambo, zinazokata jua kali na kuachilia upepo upite. Ukipita Sheria House utaiona kazi yake ya namna hiyo. Fundi aliyemwaga kalibu zile hakuandikwa jina mahali po pote, lakini mtu ye yote aliyewahi kufunga mbao za kalibu atajua kwamba tundu moja likienda upande ukuta wote umeharibika. Hospitali hiyo haikufunga mlango kwa rangi. Lakini mlango wa hospitali ya kulipia una kufuli nyingine, nayo ni bei. Mwaka 1962 Masista wa Huruma kutoka Ireland walifungua Mater upande wa South B, yenye vitanda 60, kwa nia ya kuwatibu Waafrika. Ndipo kwa mara ya kwanza upande ule ukapata hospitali ya maana.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Uhuru ulipokaribia, neno European lilikuwa limekwisha kuondolewa mlangoni, na mwaka 1964 Kingi Joji ikawa Kenyatta National Hospital. Mwaka 1965 serikali ikafuta ada ya kutibiwa kwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1967 Chuo Kikuu kikaanza kufundisha udaktari, na wanafunzi wakapelekwa Kenyatta kujifunza kitandani pa mgonjwa. Hospitali iliyoanza na vitanda 40 ikapanuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likakamilika jengo refu la ghorofa kumi ambalo kila mgeni anayekuja kwa Barabara ya Ngong hulitazama. Wakati ule lilikuwa fahari ya taifa, na hatuoni aibu kusema kwamba sisi pia tulilionea fahari. Kisha mwezi wa Desemba 1989 ada ikarudishwa kwa jina la kugawana gharama, na mlango ukapata mlinzi mpya aitwaye keshia.

Hayo ndiyo ya milango. Jambo moja tu tuongeze: kwa miaka mingi wafanyakazi wa Mashariki ya mji, Makadara, Kaloleni, Dandora, Umoja, waliokuwa maelfu kwa maelfu, hawakuwa na hospitali kubwa ya serikali karibu nao isipokuwa Pumwani, nayo ni ya wazazi. Mtu akivunjika mguu kiwandani Industrial Area alipandishwa mlimani. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilipojengwa upande wa Umoja na Komarock, ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia tangu vile vitanda 40. Mstari wa Profesa Simpson ulidumu kuliko serikali iliyomwita.

Sasa tuje kwenye madirisha, ambayo ndiyo hasa yaliyotufanya tukubali kuzungumza leo.

Mnajua wodi za zamani za hospitali za serikali zilivyo. Jengo refu jembamba, la ghorofa moja au mbili. Dari juu sana. Madirisha makubwa pande zote mbili, yanayotazamana. Vitanda vimepangwa safu mbili, vichwa ukutani, na katikati njia. Nje kuna veranda, au baraza kama wasemavyo watu wa pwani, ambapo mgonjwa anayepata nafuu hutolewa kuota jua. Kutoka jengo moja hadi jingine kuna njia iliyoezekwa mabati. Vijana wengine hudhani ni ujenzi wa kimaskini. Sivyo. Umbo lile lilifikiriwa sana, na mwanzo wake ni mbali.

Katika Paris, karne ya kumi na nane, palikuwa na hospitali kubwa iitwayo Hôtel-Dieu, ambamo wagonjwa walilazwa wengi katika kitanda kimoja, mwenye homa ubavuni mwa mwenye donda. Iliungua mwaka 1772. Daktari Tenon akaandika mwaka 1788 taarifa ya kutisha juu ya hali ya hospitali za mji ule, na kutoka hapo wakaanza kusema kwamba hospitali isiwe jengo moja lililojazana, bali majengo membamba yaliyotengana, upepo upite kati. Waingereza waliifuata fikira hiyo baadaye, na aliyeisukuma kwa nguvu ni Bibi Florence Nightingale, yule muuguzi aliyekwenda kwenye vita vya Crimea mwaka 1854 akaona askari wanakufa kwa magonjwa ya hospitali kuliko kwa majeraha. Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya hospitali. Humo alisema vitanda visirundikwe, madirisha yatazamane, na kila vitanda viwili viwe na dirisha lake. Wodi iwe na wagonjwa kama thelathini, ili muuguzi mmoja akisimama mahali pamoja awaone wote. Hospitali ya St Thomas' katika London, mbele ya Bunge ng'ambo ya mto, ilijengwa upya kwa mpango huo na kufunguliwa mwaka 1871.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Bibi Nightingale na wenzake waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbovu, ule uvundo unaotoka kwenye taka na miili. Vijidudu walikuwa hawajavijua. Daktari Koch wa Ujerumani alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Kwa hiyo sababu waliyoitoa ilikuwa na kasoro, lakini dirisha walilolitoboa lilikuwa sawa. Wodi ile ikapandishwa meli pamoja na misumari na mabati, ikaenea katika makoloni yote. Huku kwetu iliongezewa baraza kwa sababu ya jua, na ikajengwa kwa mawe yetu ya kijivu, yaliyochongwa kwa nyundo na tindo machimboni pande za mji. Mafundi wa kwanza walikuwa Wahindi, na wasaidizi wao Waafrika wakaupata ufundi kwa macho, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kwa nia.

Baadaye ulimwengu ukabadili fikira. Dawa za kuua vijidudu zilipopatikana katika miaka ya 1940, wachoraji wakaona dirisha si dawa tena. Ardhi ya mjini ikawa ghali. Wakajenga kwenda juu, wakaweka ujia katikati na vyumba huku na huku, dari ikashushwa, dirisha likawa la upande mmoja tu, na mashine ikatarajiwa kuvuta hewa. Jengo la namna hiyo lina faida zake, nasi hatutaki kuwa watu wa kusifu zamani ovyo. Chumba cha operesheni hakiwezi kuwa barazani. Mgonjwa anayetaka faragha ana haki. Mama anayejifungua hataki kutazamwa na watu thelathini. Lakini jengo refu ni mtumwa wa lifti. Katika hospitali ya ghorofa nyingi, popote duniani, lifti zikisimama ni mgongo wa mfanyakazi unaopanda: chakula, mitungi ya oksijeni, nguo, maiti. Na mashine ya hewa ikiharibika na fedha za kuitengeneza zisipatikane, chumba hubaki sanduku.

Mwaka 2007 madaktari waliofanya kazi katika mji wa Lima, nchi ya Peru, walitoa matokeo ya upimaji wao, nasi twaomba kila mjumbe wa tawi la hospitali ayaandike kwenye daftari. Walipima hewa katika hospitali nane. Walitaka kujua, kwa saa moja, hewa yote ya chumba hubadilika mara ngapi. Katika vyumba vya kutengea wagonjwa vyenye mashine ilibadilika mara 12. Katika majengo mapya yanayotegemea madirisha, yakifunguliwa, mara 17. Katika majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, mara 40. Kisha wakapiga hesabu: watu mia wakikaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa, wangapi wataambukizwa? Penye mashine, 39. Katika majengo mapya ya madirisha, 33. Katika majengo ya zamani, 11.

Kumi na mmoja na thelathini na tisa, ndugu. Hao walio kati ya kumi na mmoja na thelathini na tisa ni nani? Mgonjwa hukaa wiki mbili akaenda. Daktari huzunguka saa mbili akatoka. Anayekaa zamu nzima, leo na kesho na mwaka ujao, ni nesi, mfagiaji, mgawa chakula, na yule anayesukuma kitanda. Hewa ya wodi ni jambo la usalama wa kazini sawasawa na kizuizi cha mashine kiwandani, na tushangae kwamba katika mazungumzo mengi ya mikataba hewa haitajwi kabisa, posho ya kuhatarika ndiyo hutajwa. Posho tunaitaka. Lakini posho hailipi pafu.

Tena inatokea kwamba wodi za zamani ndizo zinazobomolewa kwanza, au kuzibwa. Tuliwahi kufika hospitali moja, hatutaitaja, tukakuta baraza la wodi limejengewa ukuta wa mbao na kioo ili kupata ofisi tatu. Ofisi zilikuwa nzuri. Ila madirisha ya upande wote wa wodi sasa yalifunguka ndani ya ofisi, maana yake hayakufunguliwa tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkubwa alitaka mahali pa kuweka meza, fundi alifuata amri, na watu wa wodi hawakuulizwa. Katika hospitali hiyo hiyo dobi lilikuwa chini ya mteremko na wodi juu, na kati yake ngazi za mawe. Kina mama wa dobi walikuwa wakipandisha mashuka yenye maji kichwani. Mchoraji alikumbuka njia ya gari la daktari, akasahau njia ya mkokoteni wa nguo, na kusahau huko kumewavunja watu magoti kwa miaka hamsini.

Kwa hiyo tunachotaka si kikubwa. Wodi mpya ikitaka kujengwa, au ya zamani ikitaka kugeuzwa, ramani ibandikwe mahali watu wa zamu watakapoiona kabla ya kandarasi kutolewa, na mjumbe wetu aitwe kikaoni pamoja na mwakilishi wa manesi na wa wafagiaji. Wajumbe nao wajifunze kuisoma ramani. Chama kina mafundi wa ujenzi wa kutosha kuwafundisha Jumamosi moja. Aangalie dirisha liko pande ngapi. Aangalie kama mtu atalifikia kulifungua bila kupanda kiti. Aulize umeme ukikatika hewa itapita wapi, na lifti ikisimama chakula kitapanda vipi. Aulize mfanyakazi wa usiku atakaa wapi kunywa chai, kwa maana katika ramani nyingi tulizoziona mahali hapo hapapo, na ndiyo sababu chai hunywewa kwenye stoo ya dawa za kusafishia. Mahali penye wodi nzuri ya zamani tuseme itengenezwe: paa, mabomba, umeme, rangi. Si kila kikongwe ni cha kuzikwa.

Katika maswali kabla ya kikao hiki ndugu mmoja alisema: mwasema madirisha yafunguliwe, je, mwezi wa Julai? Swali la haki. Nairobi si pwani. Usiku wa Juni na Julai baridi hapa hushika mifupa, na mgonjwa mwenye shuka moja ataomba dirisha lifungwe, na nesi atalifunga kwa huruma, na wodi ya dari ndefu itakuwa sanduku kama nyingine. Bibi Nightingale alikuwa na makaa ya kuwasha, sisi hatuna. Basi barua tunayoipeleka kwa waajiri wa hospitali mwezi huu ina mambo mawili yaliyoandikwa katika mstari mmoja makusudi, yasije yakatenganishwa: madirisha ya wodi za vifua yabaki wazi usiku na mchana, na blanketi mbili zitolewe kwa kila kitanda, pamoja na sweta moja nzito kwa kila mfanyakazi wa zamu ya usiku, kabla ya tarehe mosi Juni. Wajumbe wahesabu vitanda vya wodi zao na kuleta hesabu ofisini kufikia Ijumaa.